Mama Mwanasha, Sasa Tunajua Ulipolazwa

Wenje, Mto Tana, Novemba 1956

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipoingia mtumbwini wakati wa mafuriko, umejitanda leso yako ya manjano, ukatukumbusha tuwape kuku chakula. Ulikuwa unakwenda Idsowe kumuuguza mdogo wako Dado, aliyeshikwa na homa. Baba alikuomba ungoje maji yapungue. "Na homa ya Dado nayo itangoja?" ulimjibu, ukacheka, nasi tukacheka.

Mlipokaribia Garsen, mtumbwi ulipigwa na gogo lililokuwa likija na mkondo. Molu, mpiga kasia, alishika tawi akaokoka. Wewe hakukuona tena.

Ulikuwa mtu wa watu, Mama. Hukuweza kupita jikoni kwa mtu bila kuonja mboga na kusema imepungua chumvi, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu kesho yake ulirudi umembebea chumvi. Ulilima mpunga na ndizi kando ya mto tangu alfajiri, ukizungumza peke yako kama uliye na wenzako. Mwanao Jilo alipopata nafasi katika chuo cha ualimu huko pwani, wengine walisema mtoto huyu atapotea. Wewe ulimfungia mkeka wako mpya ukamwambia, "Nenda ukasome, mwanangu. Ukirudi umesahau kulima, nitakufundisha upya."

Mwaka huu ulikuwa mgumu kwetu. Tulikusomea hitima, lakini mioyo haikutulia. Baba alishuka mtoni kila asubuhi, akatazama maji, akarudi. Nyumbani kwetu hakuna aliyetaja mamba. Hata Sadia, kitinda mimba wako, alijua asilitamke neno hilo.

Mwezi uliopita wazee wa Garsen waliwaita wote waliofiwa katika mafuriko, ili imamu asome dua, mchungaji naye aombe, na kila jamaa waeleze habari za mtu wao. Baba alisema hana nguvu za kusimama mbele za watu. Jilo akaomba ruhusa chuoni, akapanda lori kutoka Malindi, akaenda kwa niaba yetu.

Alifika akiwa na hofu. Chuoni amezoea kusimama mbele ya darasa, lakini pale, anasema, alikwenda kuketi nyuma kabisa. Kisha Josiah wa Idsowe akasimama kueleza habari za mkewe, Asenath. "Alipenda kuimba akitwanga," alisema, halafu akashindwa kuendelea. Watu wote waliokuwapo, wakulima na wafugaji, Waislamu na Wakristo, wakamwitikia, "Pole, Josiah. Pole sana." Jilo anasema alipoisikia sauti ile, hofu ilimtoka.

Zamu yake ilipofika alilitaja jina lako. Akaeleza ucheshi wako, na ile chumvi, na jinsi ulivyomvuta Sadia chungu cha wali kilipopinduka, wali ukakumwagikia wewe na kukuachia kovu mkononi. Hapo mama mmoja wa Kiorma, aliyekuwa ameketi na wenzake, akainuka.

"Kijana," alisema, "mkono hiyo ni ya kushoto?"

"Ndiyo, Mama. Wa kushoto."

"Kovu natoka hapa, nafika hapa kwa kiwiko?"

Jilo aliinamisha kichwa kuitikia.

"Mama yako mimi naosha," alisema yule mama. "Maji nalaza yeye kwa majani, karibu na ng'ombe yetu. Mimi na dada yangu naosha yeye vizuri. Sheikh nasalia. Jina tu, sisi hapana jua."

Mama huyo ni Gumato. Mumewe, Jatani, ndiye aliyekuchimbia kaburi mahali pa juu ambapo maji hayakufika, akalizungushia miiba ili fisi wasifukue. Ukavishwa sanda ya kitambaa cheupe ambacho Gumato alikuwa amekiweka kwa ajili ya harusi ya binti yake. Waliuliza habari zako, lakini watu walikuwa wametawanywa na maji, kisha wao wenyewe wakahama na mifugo.

Jilo aliporudi Wenje alimkuta Baba ameketi mlangoni. Akamwambia umeonekana. Baba aliuliza jambo moja tu.

"Mwili wake ulikuwa mzima?"

"Mzima, Baba. Hata pete uliyomvisha ilikuwa kidoleni. Gumato alituwekea. Hii hapa."

Baba alilia kwa sauti. Hatukuwahi kumsikia akilia hivyo, hata siku Molu alipoleta habari. Alipomaliza alinawa uso, akaita, "Sadia, mwanangu, kuna chakula? Nina njaa."

Wiki iliyopita tulikwenda kaburini sote. Miiba ya Jatani bado iko, naye Gumato alikuwa ametutangulia kufagia. Dado, ambaye alipona homa yake na tangu hapo akawa anajilaumu kwamba ulikufa kwa ajili yake, alimkumbatia Gumato asitake kumwachia. Gumato alimfuta machozi kwa ncha ya nguo yake, akampa maziwa, akamsimamia mpaka akayamaliza. Baadhi ya jamaa walitaka tukuhamishie nyumbani. Baba alikataa. "Waliomlaza hapa wamemlaza vizuri," alisema. "Mwacheni."

Tulimuuliza tukuandikie nini kwa niaba yake.

"Mwambieni siku hizi napata usingizi," alisema. "Naye alale."

Tunaokukumbuka ni mumeo Godhana. Wanao Tahir, Mwanaarusi, Jilo na Sadia. Mdogo wako Dado. Molu, ambaye bado anakuja kututazama. Na Gumato na Jatani, ambao sasa ni ndugu zetu. Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.