Kidole cha Mkuu wa Shule

Shoga, uko wapi? Nimejifungia maabara nacheka mpaka mbavu zinauma, na kazi yenyewe sijui kama bado ninayo.

Leo nilifundisha mimumunyo, yaani maji yaliyoyeyushwa chumvi ya maabara. Ule ambao haujashiba unameza chumvi. Ulioshiba haumezi tena. Ulioshiba kupita kiasi unatulia kama maji, lakini ukiangukiwa na kipunje kimoja tu cha chumvi hiyo, wote unaganda hapo hapo.

Huo wa mwisho ulikuwa mezani ndani ya bika, kile kikombe cha kioo cha maabara. Mkuu wa shule akaingia kunikagua, akaanza kupapasa chumvi iliyomwagika pembeni.

"Mkuu, tafadhali usiguse bika."

"Mwalimu, shule hii kuna kitu nisichoweza kugusa?"

Akachovya kidole. KIDOLE, shoga!

Ukaganda wote! Tena ukiganda unapata joto. "Kitu chako kimenishika! Mwalimu, kimenishika!" Mkuu mzima anaruka na bika kidoleni!

Nikamnasua kwa maji ya uvuguvugu, hana hata mchubuko. Akaondoka akijifuta kidole.

Nikawapa wanafunzi zoezi: ni nini kiligandisha mmumunyo? Binti mmoja mpole wa dawati la mbele kaandika, "Kipunje kilikuwa mkuu wa shule."

Nimempa kumi kwa kumi.

Sasa mkuu kaniandikia anataka madaftari yote ofisini kwake. Leo hii!