Saini ya Baba Mkwe

Naujarvik, Nunavut
4 Septemba 2024

Baba mpenzi,

Hujambo? Mgongo bado unakusumbua humo kwenye chumba cha injini? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, na hilo limeshakuwa mwanafamilia. Dada yako Panikpak ni mjamzito, anatapika kila kitu isipokuwa samaki mbichi.

Barua yako ya Juni ilifika. Nesi mgeni aliniona naisoma, akauliza imetoka kwa nani. Nikamwambia imetoka kwa baba yangu, yuko melini, ana miaka ishirini na sita. Akaniangalia kama mtu wa kupimwa homa. Sikujisumbua kumweleza kwamba nilipokuzaa nilikupa jina la marehemu baba yangu, na aliyepewa jina ndiye mwenye jina. Mume wangu Ittuk naye alipoona umesaini "Baba yako" aliketi wima, akavua kofia. "Nyamazeni," akasema, "baba mkwe kaandika." Kukuzaa amekuzaa, lakini neno lako hapingi.

Meli yenu ilishusha mizigo hapa, wala hukuteremka kunywa chai. Kulikoni? Redioni wanasema tangu Julai meli zimekatazwa kutumia mafuta mazito ya injini katika bahari yetu, ila zinazotuletea vyakula kama yenu zimepewa kibali ziendelee kwa muda. Kwenye mkutano wa kijiji kuhusu kibali nami niliinua nyusi kukubali. Mafuta safi ni ghali, na unga ukipanda tutakula nini? Ittuk alikunja pua kukataa, akasema uchafu ule ukimwagika hautoki. Nikamwambia, wewe kunja pua, mimi nakanda unga.

Simu siipendi, nyumba nzima husikiliza. Andika.

Binti yako,
Arnatsiaq


Melini
11 Oktoba 2024

Mama,

Habari za huko? Goti linaendeleaje? Mimi sijambo. Siku ile kazi zilinibana, ndiyo maana sikuteremka.

Nina ombi moja. Mwambie baba msimu huu asiwinde Rasi ya Kunguru. Barafu ya kule haitakuwa nzuri ikifika Mei. Aende kaskazini, hata kama ni mbali. Sina la zaidi.

Mwanao,
Kublu


Naujarvik
15 Desemba 2024

Baba mpenzi,

U mzima kweli? Barua yako ilikuwa fupi mno, nikaigeuza nyuma kutafuta maneno mengine.

Nilimsomea Ittuk. Akacheka hadi akakohoa. "Tangu lini mtu wa chumba cha injini, asiyeona hata mbingu, akajua barafu ya Mei akiwa Oktoba?" Kisha akaomba aone saini. "Hapa imeandikwa Mwanao. Mwanangu nilimfundisha barafu mimi, hawezi kunifundisha. Angesema baba mkwe, ningekaa." Basi anangoja jibu. Ni nani aliyesema, mwana au baba mkwe?

Na jingine. Juzi alileta sili kutoka rasini, tumbo lina weusi unaonata. Mbwa walinusa wakaondoka. Mbwa wetu, wanaokula hata viatu. Wewe ulipita pale. Uliona nini?

Binti yako,
Arnatsiaq


Naujarvik
20 Februari 2025

Baba,

Salamu. Ndege imekuja mara nne, barua yako hakuna. Simu ya nyumbani hulia, nikiitika inakatwa. Jua limerudi na Ittuk anaandaa sleji ya mbwa. Jibu swali lake.

Binti yako


Quebec
21 Aprili 2025

Binti yangu,

Sikuanza kwa kukujulia hali, nisamehe.

Tarehe thelathini Agosti, tukiwa tumetia nanga mbele ya kijiji, tulihamisha mafuta mazito kutoka tangi moja hadi jingine. Vali ya kuyafunga tangi likijaa ilikuwa zamu yangu. Nikapanda juu mara moja, nione kama ukungu umepungua niione nyumba yetu, kama mmeshaanika samaki. Niliporudi tangi lilikuwa limefurika na mafuta yanaingia baharini. Kwenye maji baridi hayasambai, yanajikunja mabonge kama lami. Mkondo ukayapeleka Rasi ya Kunguru. Fundi mkuu akaniambia, "Ukisema, kibali kinafutwa, meli inasimama, na watu wako watanunua unga kwa bei ya dhahabu. Chagua." Nikachagua.

Sasa yameganda ndani ya barafu. Jua likikaza, weusi ule utavuta joto na barafu itaoza kutoka ndani, huku theluji juu ni nyeupe. Atagonga kwa chusa kuipima, na itamjibu kwa mlio wa barafu nzima.

Oktoba nilisaini "Mwanao" kwa sababu niliona haya kujiita baba yako chini ya barua inayoficha mambo. Na simu ile ni mimi. Nikisikia sauti yako nashindwa.

Ittuk, mimi baba mkwe wako nakukataza. Usikanyage Rasi ya Kunguru.

Baba yako,
Kublu


Naujarvik
30 Mei 2025

Mwanangu Kublu,

Hujambo? Goti ni lile lile. Panikpak amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima.

Tufani ilifunga uwanja wa ndege siku tisa, kisha ndege ikaharibika. Barua yako niliipokea tarehe kumi na mbili Mei. Ittuk alizama tarehe sita.

Kaskazini hakukuwa na sili, na Panikpak alikuwa na hamu ya mchuzi. Mdogo wake Ittuk alikuwa nyuma, aliona yote. Aligonga mara tatu kwa chusa, kama alivyokufundisha. Barafu ikamjibu vizuri. Akapiga hatua.

Tulimtoa kesho yake. Mafuta yalikuwa kwenye nywele, masikioni, chini ya kucha. Nilimwosha kwa sabuni ya vyombo, nikabadilisha maji mara tano. Alisema uchafu ule hautoki, na kweli haukutoka. Tumemzika nao.

Barua yako nimeisoma kwenye redio ya kijiji, neno kwa neno, hata pale ulipopanda kutazama nyumba. Juzi tulikutana tena kuhusu kibali, na safari hii hakuna aliyeinua nyusi. Tumeandika kifutwe. Unga utapanda. Nilisema mbele yao kwamba mwaka jana nilikubali, na hilo ni langu, nitalibeba.

Mtoto tumempa jina la Ittuk. Nikimpakata namwita mume wangu, naye ananikunjia pua.

Jina lako halirudishwi, hata nikitaka. Lakini baba yangu akiona barafu mbovu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, anagonga, anasema. Hakusubiri kuulizwa. Wiki hii nimejaribu kuandika "Baba mpenzi" juu ya karatasi hii. Nimechana tatu.

Njoo. Usingoje meli, panda ndege. Utasema mbele ya kijiji na mbele ya watu wa serikali, kisha utakula, chakula kipo. Wakikuuliza wewe ni nani, waambie ni mwana wa Ittuk.

Mama yako