Miguu Chini ya Sinki

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umepunguza ukali na kazi inakwenda. Sisi huku tu wazima. Mimi ni mzima wa mwili tu, moyo haukai mahali pamoja. Tangu asubuhi nainuka kila mara kwenda kupapasa bomba la chini ya sinki kama limelowa, na nikirudi nimesahau nilitaka kuandika nini.

Sinki la mama lilikuwa linavuja. Alitega beseni ndani ya kabati, akawa analimwaga na kulirudisha bila kumwambia mtu, hadi ubao wa chini ukavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikamwita fundi bomba. Mama alimkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha ghafla akamgeukia na mwiko akisema ni mwizi. Nilipomfuata getini fundi alikuwa anacheka, lakini alisema harudi tena hata kwa kubembelezwa. Nikaona basi, nitatengeneza mwenyewe.

Muuza duka la vifaa aliniuliza fundi wangu yuko wapi. Nikamwambia ndiye anayeongea naye. Akanipa washa mpya, ile pete ya mpira ya kuzibia maungio ya bomba, akanionya nisiikaze nati ya plastiki kama nakaza tairi la lori. Nguvu ya mkono inatosha. Nikavaa suruali ya kazi ya marehemu baba, maana nguo zangu nilizionea huruma. Nilipotoa vyombo kabatini nikakuta miwani ya mama ndani ya sufuria, ile tuliyoitafuta hadi tukanuniana. Nikafunga koki, nikaweka ndoo, nikalala chali na kichwa ndani ya kabati, nikafungua ile kona ya bomba iliyopinda kama shingo ya bata. Maji machafu yakanimwagikia usoni. Washa ya zamani ilikuwa imepasuka. Mpya nikaiweka kichwa chini miguu juu, ikavuja. Nikafungua upya, nikaigeuza huku natukana kimoyomoyo.

Kaka, nimezunguka vya kutosha, sasa niseme.

Nikiwa bado mle, mama aliingia jikoni akavuta kigoda. Nilichoona ni ndala zake tu, na yeye alichoona ni miguu na ile suruali.

"Mzee," akasema, "afadhali umerudi. Nisikilize kabla Kiherehere hajaja. Ninapotea, mwenzangu. Juzi nilisimama mlangoni mwa nyumba hii hii nikabisha hodi, nikangoja nifunguliwe. Watoto usiwaambie. Watanihamisha, na huko ndiko nitapotea kabisa."

Nilitaka kutoka nimwambie, mama, ni mimi, huyo huyo Kiherehere wako. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Nikakohoa. Nilikohoa kile kikohozi cha baba, kifupi, cha kukubali jambo bila maneno mengi. Akanipigapiga goti, akashusha pumzi, akaenda zake. Mimi nikabaki nakaza nati iliyokwisha kukaza.

Nilipotoka alikuwa anapanga vikombe. Akaniita jina langu sawasawa, akauliza mbona nanuka mtaro.

Basi nimeahidi kwa niaba ya baba, na leo navunja ahadi, kwa sababu jambo hili siliwezi peke yangu. Najua umeshamwandalia chumba huko kwako. Nakuomba uje, lakini usije na gari la kubebea vyombo. Njoo na begi lako tu, ukae naye siku nzima. Akikuuliza wewe nani, mjibu, usiudhike. Halafu tuamue, naye akiwepo.

Wasalimie wote wanaonikumbuka. Mama naye anakusalimu. Yuko hapa ubavuni, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe, akafurahi sana, akasema nikuulize kama unakula vizuri.

Sasa hivi ameniuliza tena namwandikia nani. Nimemwambia, naye amefurahi vilevile.

Mdogo wako,
Kiherehere