Kifaa Kilichofungwa Kimeinama

Kwa Shemeji,

Natumaini wewe na mtoto mmeanza kupata usingizi. Hapa tupo. Bomba la uani nimelitengeneza. Mama anakula kidogo, ila bado anampakulia mumeo, kisha anairudisha sahani jikoni.

Siku ya mazishi uliniuliza ilikuwaje trela likatusukuma mteremkoni mpaka ukutani, nikakujibu ni kazi ya Mungu. Nilikudanganya. Muuza vipuri alituonyesha vifaa viwili vya kuendesha breki za trela. Kimoja hukamata kwa nguvu ileile uliyoipanga. Cha pili hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo, ila lazima kifungwe kimenyooka kabisa. Mdogo wangu alitaka cha kwanza.

"Kaka, sisi na vipimo wapi na wapi?" akacheka.

Nikajifanya mjuaji, nikachukua cha pili, nikakifunga kimeinama ili nione taa yake vizuri. Fundi alinionya kuwa kikiinama, breki za trela zitachelewa kushika. Nikamwambia usukani nimeushika kabla hajazaliwa.

Juzi gari limetoka gereji, na fundi amekinyoosha. Nimeshuka mteremko uleule, trela limejaa saruji kama siku ile. Breki zilishika taratibu, trela likatulia nyuma yangu kama mtoto mgongoni. Nikaona raha, Shemeji. Nikageukia kiti cha pili nimwambie mdogo wangu.

Usinijibu kama huwezi.

Ni mimi, kaka wa mumeo