Celso Alituma Habari

Mtaa wa Rawis,
Legazpi.
10 Desemba 2018

Mpendwa Manay Herminia,

Salamu nyingi, dada yangu. Natumaini mgongo umepoa, na yule bibi unayemwuguza huko Taichung amepunguza kelele. Sisi huku tu wazima wa kula na kunywa, mengine usiniulize. Mke wangu Luz bado anakohoa tangu mvua zile. Paa tumelirudishia upande wa jikoni tu.

Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua. Ungesema haloo, nami ningeanza kukuuliza habari za baridi. Kwa hiyo barua hii namkabidhi binti wa jirani anayesafiri kesho kuja huko, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Unajua kwamba miaka minne nimekuwa nikiiandika ile programu ya kupeleka barua kwa redio ya mawimbi mafupi, ili sisi wa redio za ridhaa tuitumie simu zinapokufa. Luz huiita mke mwenza. Kazi yake si ngumu kueleza: inaikata barua vipande, inavipeleka hewani kimoja kimoja, na kilichoharibika njiani kinaombwa tena mpaka kifike kizima. Lakini kabla ya yote inabisha hodi. Isipoitikwa, haisemi neno, inabisha tena. Niliipanga hivyo makusudi, maana njia ya hewani ni ya wote, na niliona ni upuuzi kumwaga maneno mahali usipojua kama kuna anayesikiliza.

Celso, ndugu yako, alinipinga. Ndiye aliyekuwa akinijaribia kule kisiwani, mwaka mzima, wala sikumpa hata asante. Siku moja aliniambia, "Manoy, kaka yangu, anayezama habishi hodi. Iache iseme hata kama haijaitikwa." Nikamcheka. Nikamwambia akatunze migomba yake ya abaka, mambo ya programu aniachie mimi. Wahenga walimsema asiyesikia la mkuu. Mkuu asiyesikia la mdogo hawakumtungia kitu, sijui kwa nini.

Sasa sikiliza. Jumapili ile ya tufani, saa nane mchana, kompyuta yangu ilianza kupokea hodi ya Celso. Yangu ikaitika. Yake ikabisha tena, ikaitikwa tena. Saa mbili nzima, Manay, mara mia na kumi na nne. Nilikuwa nimekaa pale pale, najua ndugu yetu yu hai na ana neno, na neno lenyewe haliji. Radi ilikuwa imeunguza sehemu ya kusikilizia ya redio yake. Ya kusemea ilikuwa nzima. Angeweza kusema. Programu yangu ndiyo iliyomziba mdomo. Halafu betri yake ikaisha, kukawa kimya.

Mimi nikajifanya mwenye akili. Nikawaambia watu wa boti ya uokoaji kwamba Celso anaita kutoka kanisani, kama tulivyokubaliana wote kabla ya tufani, basi waende huko. Walipofika Jumatatu walikuta paa limeng'oka na ndani hamna mtu. Wakadhani maji yamewachukua wote, wakashinda siku nzima wakitafuta maiti pwani. Kilimani hakuelekea mtu. Moshi wao ulionekana Jumanne asubuhi, na mama mkubwa Salud alikuwa ameshakata roho kwa baridi, saa chache tu kabla.

Hayo ya mwisho unayajua. Unaloamini wewe ni kwamba Celso alimtoa mama kanisani akampandisha mlimani kwenye mvua bila kumwambia mtu. Siku ya mazishi ulimwambia kwenye simu kuwa amemwua mama yenu, na asikanyage tena nyumba ya mama. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alisema tu sawa, Manay, akamrudishia Luz simu yake.

Wiki iliyopita waliokuwa wakisafisha mnara wa kanisa waliikuta kompyuta ya Celso huko juu, imefungwa ndani ya mifuko ya plastiki. Nimeikausha, nimeifungua. Barua yake imo, yote, inasubiri kuitikwa. Nakunakilia kama ilivyo:

"Paa la kanisa linaondoka. Watu 63 tunapanda kilimani, shamba la abaka la Obispo. Boti ipitie mtoni, si pwani. Haraka, wazee wana baridi. Mama nambeba mimi."

Aliiandika, akabonyeza itumwe, akaiona imeanza kuita, akaenda kumbeba mama. Hakukaa kuilinda kwa sababu mimi nilimwapia kwamba programu yangu haichoki mpaka habari ifike.

Nilimfuata nikamwuliza kwa nini amenyamaza siku zote hizi. Akajibu, "Ningesema, watu wangeitupa programu yako, na hawana nyingine." Nililia mbele yake, sikuona haya. Nami niliishuku programu yangu tangu siku ya kwanza, nikakaa kimya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Manay. Nimemwacha aubebe wangu mwezi mzima.

Programu nimeshaibadilisha. Sasa habari ya hatari inasemwa papo hapo, tena na tena, aitike mtu asiitike. Ilinichukua nusu siku. Nusu siku tu, na ningeweza kuifanya mwaka jana aliponiambia.

Luz anakusalimu sana, na watoto wetu Jomar na Tessie wanakuulizia. Mpe pole yule bibi. Mungu akutie nguvu ugenini na amlaze mama yetu pema.

Arobaini yake ni Jumamosi hii. Wanawake watapika biko, wali wetu mtamu, na padri amekubali kuja. Celso anasema atasali akiwa barabarani, kwa sababu ulimkataza kuingia. Nimemsihi, hataki. Nitasimama mbele ya watu niyaseme haya yote, na waniseme watakavyo. Lakini neno la kumwingiza ndani kwa mama yake sina mimi, unalo wewe. Namba yake mpya iko nyuma ya bahasha.

Mwenye kosa, na anayekupenda bado,
Nestor