Jani Kavu Haliguswi

Shella, Malindi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Na wewe Mama, shikamoo, maana najua miwani ya Baba bado imevunjika na wewe ndiye unayemsomea. Mimi mzima, nakula, nanenepa. Hofu yangu ni goti la Baba. Je, mahindi yameota? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Nikianza kuandika kama watu wa pwani msinicheke, huku ukiomba maji kabla ya kusalimia utakufa na kiu.

Mama, yanayofuata yanahusu tumbaku. Najua umeiombea iondoke duniani. Lakini soma yote, usiruke, kwa sababu barua hii ni ya Baba.

Baba, siku ile mpimaji wa madaraja ya tumbaku alipotia mkono katika marobota yako, akanusa, akasema "Takataka, rudisha," mbele ya majirani wote, ulirudi nyumbani ukatuambia mikono yako haijui jani. Ukang'oa tumbaku, ukapanda mahindi. Fungu moja tu la mavuno yale ulilifunga kwa majani ya migomba ukalitundika darini, na hukulitaja tena. Miaka kumi na mmoja neno lile limenikaa kooni. Leo nina jibu lake.

Bwana Karim, mwenye nyumba ya wageni ninayotunzia stoo, ni Mhindi wa hapa hapa, hata babu yake alizaliwa Malindi. Marehemu baba yake alimwachia sanduku la sigaa za Kuba. Si sigara za dukani, Baba. Hizi ni jani tupu lililosokotwa, nene kama kidole gumba, na zimekaa miaka mingi kuliko umri wangu. Wosia ulikuwa ziwashwe siku ya kumwoza mjukuu. Arusi ilipokaribia, Bwana Karim akamwita mzee mmoja Mwitaliano, mkazi wa hapa anayesifika kwa kuonja sigaa, aje azipime. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya kahawa.

Mzee akakata ncha, akawasha. Ganda likapasuka pande mbili. Akavuta kidogo, akakunja uso, akaiweka chini. Akasema zimekufa, zitupwe. Bwana Karim akafunika sanduku kwa mikono miwili akabaki anatazama sakafu, na Baba, nilikuona wewe.

Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Samahani wazee wangu. Hazijafa. Zina kiu."

Mwitaliano akacheka, akauliza tangu lini mtunza stoo akawa daktari wa sigaa. Nami nikauliza zilikuwa zikiwekwa wapi. Kumbe ni ofisini, chini ya kiyoyozi! Huku unyevu wa bahari unakula kila kitu, hata viatu huota ukungu kabatini, basi kwa mapenzi yao waliziweka penye baridi kavu, na hewa ile ikazinyonya mwaka baada ya mwaka. Nikaomba miezi mitatu iliyobaki kabla ya arusi. Bwana Karim akanitazama sana, kisha akanipa ufunguo akasema, "Robi, hii ni amana ya baba yangu." Hapo ndipo nilipoona mdomo wangu umenitia wapi, maana nikizilowesha haraka zitapasuka, na nikizidisha maji zitaoza, nami kazi sina.

Nilikumbuka bani letu, lile banda la kukaushia tumbaku. Unakumbuka nilipokuwa na miaka tisa, nikapanda mchana wa jua kushusha tumbaku ili nikufurahishe, na yote ikawa unga mikononi mwangu? Hukunipiga. Ulisema, "Jani kavu haliguswi. Linangoja umande." Tukafungua mlango wa bani, tukangoja mpaka asubuhi, na yaliyobaki yakawa laini kama sikio la mbuzi.

Basi nikafanya vivyo hivyo. Sanduku nikaliweka ndani ya kasha kubwa, kando yake kibakuli cha maji chenye kitambaa, visigusane. Kila asubuhi nilifungua, nikapunga hewa, nikanusa. Mwezi wa kwanza zilinuka vumbi. Wa pili moja ilitoa doa jeupe la ukungu nikajua nimekwisha. Nikaipangusa, nikaitenga, nikapunguza maji. Wa tatu nikabonyeza moja karibu na sikio, haikulia kama jani kavu. Sikio la mbuzi, Baba.

Mzee aliporudi, Bwana Karim alinivutia kiti nami nikae. Mama, nilivuta. Ni mdomoni tu, sikumeza, na nilikohoa kiasi cha kutosha kuwa toba. Mwanzo ilikuwa kama ngozi mpya na kahawa inayokaangwa. Katikati ukaja utamu wa tende. Mzee akasema anaonja mbao. Nikamwambia hiyo ni mbao ya sanduku, ashuke chini yake, kuna asali ya porini ile yenye uchungu kidogo. Akafumba macho, akavuta tena. Jivu lilisimama jeupe, urefu wa kidole, halianguki. Kisha akavua kofia yake akaniuliza nilisomea wapi.

Nikamjibu, "Kwa baba yangu, Chacha, mkulima wa tumbaku, Kuria."

Akaniomba nilirudie jina, akaliandika katika daftari lake. Arusini kule Kilifi, kila mzee aliyepewa sigaa aliambiwa zimefufuliwa kwa ujuzi wa Mzee Chacha wa Kuria. Watu wasiojua hata Kuria iko upande gani wanalitaja jina lako! Nimevimba kichwa, sifichi.

Na tangu hapo nimewaza. Marobota yako yalitoka nyumbani yakiwa laini, niliyashika mimi mwenyewe. Watu wa kituo cha kununulia wakayaacha juani kwenye foleni siku mbili, ndipo mpimaji akaja adhuhuri kutia mkono. Aligusa jani kavu, Baba. Asiyejua jani alikuwa yeye.

Nisalimie kaka Mwita na mkewe aliyejifungua, na shangazi Bhoke wa ndizi za sokoni, leso yake nimeshanunua. Mama, asante kwa kusoma mpaka hapa, najua ulinuna.

Ndani ya bahasha mna pete ya karatasi, nyekundu na dhahabu. Niliivua kwenye sigaa ile. Siku moja asubuhi, umande ukiwa bado, Mwita apande darini, si wewe na goti hilo, alishushe fungu lako. Livishe pete hiyo. Mpimaji wa kweli amechelewa miaka kumi na mmoja, lakini amefika, na ametoa daraja la kwanza.

Ni mimi binti yenu,
Robi