Kadi ya Salamu

Siakago, Jumanne, 1994

Hatimaye redio imesoma kadi yangu ya salamu leo asubuhi. Niliwasalimia wateja wangu kwa majina na kutaja duka langu la ushonaji, nikidhani watakuja mbio.

Nimekaa kwa cherehani mpaka jioni. Aliyekuja ni Mama Mbogo peke yake, amenuna.

"Umesalimia Siakago yote, mimi ukaniacha! Kwani mimi si kastoma?"

Nikamwomba msamaha, nikampa kiti. Amenigombeza mpaka chai ikaisha kwa thamosi.

Hakuleta hata kitambaa. Lakini tangu mume wangu afe, hakuna mtu amekaa hapa muda mrefu hivyo.

Kesho nitanunua kadi nyingine. Jina lake nafikiri nitalisahau tena.